Maji ya akiba yanaisha kabla ya wakati: tafuta kasoro kwanza, tenki jipya baadaye

Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipungua mpaka Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao wa maji. Sehemu kubwa ya jiji hili hunywa kutoka mto huo mmoja, kupitia mitambo ya Ruvu Chini na Ruvu Juu yenye uwezo wa kuzalisha lita milioni 270 na milioni 196 kwa siku. Mto ukishuka, yote miwili inayumba. Sisi tunaishi Kimara, juu mlimani, ambako hata siku za kawaida maji hupanda kwa kusuasua.

Nilikuwa najiamini. Tenki la lita 1,000 lilikuwa limejaa pomoni, nyumbani tuko sita, nikasema moyoni wiki nzima itapita. Siku ya tatu asubuhi nafungua koki ya jikoni, inatoa upepo.

Kila niliyemweleza alinipa jibu lile lile: nunua tenki kubwa. Maji yaliporudi tukajaza tena, nikaanza kuulizia bei ya tenki la lita 2,000. Wiki hiyo mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Muheza kumwona mjukuu. Asubuhi moja akaniita kando. "Mwanangu, choo chenu kinanong'ona usiku kucha. Hamkisikii?" Hatukuwa tukikisikia, tulishakizoea. Yeye aliyekulia kubeba ndoo kichwani alishindwa kulala na sauti ya maji yanayokwenda bure.

Tangu siku hiyo nimeshika msimamo mmoja: akiba ya maji ikikuangusha, ukubwa wa chombo uwe wa mwisho kushukiwa. Haya ni matatizo niliyokutana nayo kwetu na kwa majirani, na namna ya kuyafuata hadi kwenye chanzo.

Tenki lilijaa, siku ya tatu halina kitu

Anza na choo. Choo cha kuvuta kikivuja hakilowanishi sakafu. Maji huteleza kutoka kwenye kitangi cha juu, yakaingia kwenye bakuli, yakaenda shimoni, na wewe huoni chochote. Kipimo chake hakina gharama. Pika chai ya rangi iliyokolea sana, iache ipoe, mimina kikombe kizima kwenye kitangi, kisha mwambie kila mtu asivute kwa nusu saa. Ukirudi ukakuta maji ya bakulini yamegeuka rangi, ile raba ya chini ya kitangi haikazi. Yetu nilipoitoa ilikuwa imeota ukoko mweupe wa chokaa na ukingo wake umekunjika kama sikio la mbuzi. Fundi aliibadilisha kwa dakika kumi. Kama huna raba mpya siku hiyo, funga koki ndogo ya ukutani inayopeleka maji kwenye kitangi, mtumie ndoo.

Choo kikiwa kizima, pima tenki lenyewe. Tafuta ufito mrefu ulionyooka, ufute ukauke, uchovye hadi chini usiku watu wakishalala, utie alama ya chaki pale maji yalipofika. Alfajiri, kabla mtu hajafungua koki yoyote, chovya tena. Kama kimo cha maji kutoka chini hadi tundu la maji ya ziada ni sentimita 120 na tenki lako ni la lita 1,000, kila sentimita moja ni lita 8 na kidogo. Ufito ukishuka sentimita tatu usiku mmoja, lita 25 zimekwenda na hakuna aliyezitumia. Huo ufito usiutupe. Uchongee alama kila sentimita kumi, utundike karibu na tenki, nawe utajua una lita ngapi bila kubahatisha. Tenki jeusi halikuonyeshi kitu ukilitazama kwa nje, na kuligonga kwa kidole kusikiliza mlio kunakupa makisio tu.

Koki zinazodondosha nazo uzipime badala ya kuzikadiria. Weka kikombe cha robo lita chini ya koki kwa saa moja. Kikijaa, hizo ni lita 6 kwa siku, maji ya kunywa ya watu wawili.

Kama vyote hivyo ni vizima na ufito bado unashuka, paipu iliyofukiwa ndiyo inayovuja. Tembea juu ya njia yake wakati wa kiangazi uangalie majani. Sehemu yenye nyasi mbichi peke yake katikati ya ua uliokauka, chimba hapo.

Hakuna panapovuja, na bado hayatoshi

Hapa kasoro ni hesabu, na mimi nilikosea hapa pia. Kiwango cha chini ambacho mashirika ya misaada hukilenga kwenye majanga ni lita 15 kwa mtu kwa siku, kunywa, kupika na usafi wote humo humo. Kwa watu sita ni lita 90, kwa hiyo tenki la lita 1,000 lingefika siku ya kumi na moja. Lakini vitangi vingi vya zamani hutoa kama lita 9 kila unapovuta. Watu sita, kila mmoja mara nne, ni lita 216 kwa siku. Choo peke yake kinakunywa zaidi ya mara mbili ya nyumba nzima. Jumlisha uone kama tenki litavuka siku ya nne.

Kwa hiyo siku mgao unapotangazwa, jambo la kwanza ni kufunga kitangi cha choo, kabla hujakimbilia kununua madumu. Maji ya kusuuzia nguo, ya kuoshea mboga, ya kuogea mtoto kwenye beseni, yote yakusanywe kwenye ndoo moja ya chooni. Haja ndogo haihitaji ndoo nzima.

Pili, yagawe maji kwa kazi zake kabla hayajaanza kupungua. Maji yote yakikaa kwenye tenki moja, anayefua, anayeosha gari na anayemchemshia mtoto uji wote wanachota humo humo, na hakuna anayejua yupi anamaliza ya mwenzake. Mtu mmoja akipewa lita 3 za kunywa kwa siku, dumu moja la lita 20 linawatosha watu sita siku moja na kubaki kidogo. Kwetu tuna madumu saba ya kunywa, yamepangwa ndani, chini ya ngazi, mbali na jua na mbali na mafuta ya taa. Kila dumu limefungwa kipande cha kanga nyekundu shingoni. Watoto wanajua, dada wa kazi anajua, wageni wanaambiwa: chenye kitambaa chekundu hakiguswi bila kuuliza. Mama anayenyonyesha, mgonjwa na mtoto mdogo wahesabiwe zaidi ya lita hizo tatu, hasa joto la Januari likipamba moto.

Tenki linashuka saa ile ile maji ya bomba yanapokatika

Hili linawachanganya wengi, kwa sababu ukipima uvujaji siku ambayo bomba lina maji huoni kitu. Kinachotokea ni maji yako kurudi yalikotoka. Nyumba nyingi zimeunganishwa paipu moja inayojaza tenki kwa chini na kutumika pia kushusha maji ndani. Presha ya mtaani ikiisha, maji yako ya juu yanafuata mteremko, yanarudi kwenye bomba kuu, yanawafikia walioko bondeni. Majirani wa chini wanashukuru Mungu maji yametoka, kumbe ni yako.

Dawa yake ni kile kifaa kidogo cha shaba kinachoruhusu maji kwenda upande mmoja tu. Mweleze fundi bomba unataka cha kuzuia maji yasirudi, kifungwe baada ya mita. Kina mshale ubavuni, na mshale uelekee nyumbani. Nimeshaona kimoja kimefungwa kinyume, mwenye nyumba akahangaika wiki mbili akidhani amekatiwa maji. Ukisubiri fundi, funga koki ya mita kwa mkono kila maji yanapokatika. Ni usumbufu, lakini tenki linabaki na maji.

Maji yanatoka bombani, tenki halijai

Tazama kwanza yanatoka kwa nguvu kiasi gani. Kupandisha maji mita kumi kwenda juu kunahitaji presha ya baa moja, na kwenye mgao presha ya mlimani mara nyingi haifiki hapo. Koki ya uani iliyo chini itatoa maji vizuri huku tenki lililo juu ya mnara likikaa kavu. Usinunue mnara mrefu zaidi. Weka chombo chini, hata jaba la lita 200, kijae kwa presha hiyo hiyo ndogo, kisha pandisha kwa pampu au kwa ndoo.

Usifunge pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaani. Najua wanaofanya hivyo na najua kwa nini. Lakini pampu inayonyonya bomba lisilo na presha huvuta kila kilicho nje ya nyufa za bomba hilo, pamoja na maji ya mitaro linakopita. Unajaza tenki lako uchafu kwa umeme wako mwenyewe, na jirani anakosa hata lile tone lake.

Kama presha ni nzuri na bado halijai, fungua mfuniko uangalie boya. Mchanga ukiingia kwenye valvu yake, inaganda ikiwa nusu imefungwa. Toa, osha, jaribu kulipandisha na kulishusha kwa mkono mpaka liende laini. Tenki lililojaa lita 1,000 lina uzito wa tani moja, kwa hiyo kabla hujapanda, tikisa nguzo za mnara. Za mbao zilizoliwa na mchwa hazifai kubeba tenki wala wewe.

Tenki lina maji, koki ya ndani haitoi

Umeme ukikatika, pampu imelala. Kila tenki la chini liwekewe koki ya mkono kwenye ubavu wake ili uweze kuchota. Na kumbuka kwamba tundu la kutolea maji huwa juu kidogo ya kitako, kwa hiyo sentimita kumi za mwisho, karibu lita 80, hazitoki kwa koki. Humo ndimo tope linapotua. Yatumie chooni, usiyanywe.

Maji yananuka, yana utelezi, au yamekuwa ya kijani

Ukijani unatokana na mwanga. Mwani hauoti gizani, ndiyo maana matenki mazuri ni meusi au yana tabaka jeusi ndani. Kama unahifadhi kwenye madumu meupe, yaingize ndani au yafunike turubai.

Harufu ya yai viza hutoka kwenye tope lililokaa muda mrefu bila hewa. Utelezi kwenye kuta ni uchafu hai ulioshikana, nao hautoki kwa kusuuza, unatoka kwa kusugua. Safisha tenki kabla ya msimu wa shida, wakati maji bado yapo. Toa yaliyobaki, sugua kuta kwa brashi yenye mpini mrefu ukiwa nje, suuza, jaza maji, kisha tia dawa ya kufulia yenye klorini, ile ya kung'arishia nguo nyeupe. Ya asilimia 3.5 tia kama lita moja na nusu kwa tenki la lita 1,000, acha siku nzima, mwaga yote, suuza tena. Usiingize mtoto ndani ya tenki asugue wakati kuna dawa, hewa yake inakaba. Wala usichanganye dawa hiyo na ya kusafishia choo, hutoa mvuke wa sumu.

Dumu la mafuta ya kula lina njia yake. Tia maji ya moto, sabuni ya unga na konzi mbili za kokoto ndogo, funga, tikisa kwa nguvu dakika kadhaa, kokoto zitakwangua pembe ambazo mkono haufiki. Rudia mpaka maji yatoke bila macho ya mafuta juu. Dumu lililobeba dawa ya shamba, kemikali za kiwandani au petroli lisiwe la maji ya kunywa kamwe, hata ulioshe mara mia. Plastiki hunywa kemikali na kuzirudisha polepole.

Viluwiluwi vinacheza kwenye pipa

Mbu amepata tundu. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama wiki moja hadi siku kumi kwenye joto letu, na mbu anayependa mapipa ya nyumbani ndiye anayeeneza homa ya dengi, iliyosumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Wengi humwaga maji, wakajaza upya, na wiki ijayo viluwiluwi vimerudi. Sababu ni kwamba mbu huyo hubandika mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa yakisubiri kulowa. Kwa hiyo usimwage tu. Sugua ukuta wa ndani, hasa mstari wa juu, kisha funika kwa chandarua kilichokazwa kwa mpira, pamoja na tundu la maji ya ziada ambalo kila mtu hulisahau.

Maji yametiwa dawa, na watoto bado wanaharisha

Hapa naomba usome taratibu.

Jirani yangu alinilalamikia kwamba dawa ya maji ni utapeli. Anatia kila siku, mwanawe anaharisha kila wiki. Nikaenda kuangalia. Ndoo yake safi, kifuniko kipo, harufu ya klorini unaisikia. Juu ya kifuniko kuna kikombe cha plastiki. Akaja mtoto wake wa miaka minne kutoka kucheza uani, akafunua, akashika kikombe kwa ukingo, vidole vinne vikiwa ndani, akakizamisha mpaka kifundo cha mkono, akanywa, akakirudisha juu ya kifuniko kimeangalia chini. Dawa ilikuwa imefanya kazi yake saa mbili zilizopita. Mkono ule ulileta uchafu mpya, kiasi ambacho klorini iliyobaki haikuweza kukimudu.

Kwa hiyo chombo cha maji ya kunywa kiwe na koki chini, au kiwe na mdomo mwembamba wa kumimina. Kama una ndoo ya kawaida tu, tumia kata yenye mpini mrefu inayotundikwa ukutani, na awe mtu mzima mmoja anayechota. Kipindupindu kilipoingia Dar es Salaam Agosti 2015, usalama wa maji ya nyumbani ulitegemea pia namna yalivyohifadhiwa na kuchotwa.

Sababu nyingine ni kipimo. Vidonge vingi vya madukani kimoja ni cha lita 20 za maji angavu, lakini soma pakiti, kwa sababu kuna vya lita 1 pia, na ukikosea moja kwa nyingine hujatibu kitu. Kama vidonge vimekwisha, dawa ya kufulia ya klorini inafaa, mradi iwe tupu: isiyo na manukato, rangi wala sabuni. Tazama asilimia kwenye chupa. Ya asilimia 3.5, nusu kijiko cha chai kwa dumu la lita 20. Ya asilimia 5, kama theluthi moja ya kijiko. Koroga, funika, subiri nusu saa kamili. Baada ya hapo maji yawe na harufu hafifu ya klorini. Kama hayana hata kidogo, rudia kipimo kile kile na usubiri tena. Chupa iliyokaa miaka kabatini au iliyoanikwa juani dukani imepoteza nguvu, na kuongeza vijiko ukikisia ni kucheza kamari.

Sababu inayosahaulika kuliko zote ni tope. Klorini hujimaliza kwenye uchafu kabla haijawafikia vijidudu. Maji ya mtoni au ya dimbwi yaache yatulie usiku, yamimine taratibu bila kutibua, yachuje kwa kanga safi ya pamba iliyokunjwa mara nne au zaidi, kisha tia kipimo maradufu. Shabu inasaidia kutuliza tope. Mbegu za mlonge zilizotwangwa nazo hufanya hivyo, na bibi zetu waliijua kazi hiyo. Ila maji ya mlonge yatumike siku hiyo hiyo, kwa sababu mabaki ya mbegu huoza. Wala usiishie hapo: maji yakiangaza hayajawa salama, bado yanahitaji dawa au moto.

Mtoto akiharisha wakati wa mgao, maji bora kuliko yote ya nyumbani ni yake. Pakiti ya chumvichumvi ya kuzuia upungufu wa maji, ile inayoitwa ORS, huchanganywa na kiasi cha maji safi kilichoandikwa kwenye pakiti, mara nyingi lita moja, si zaidi, si pungufu. Choo kikiwa kama maji ya mchele, usimalize dumu nyumbani ukisubiri. Mpeleke kituo cha afya huku ukimnywesha njiani.

Nimechemsha na maji bado yana ladha mbaya

Kuchemsha huua vijidudu. Maji yakitokota kweli kweli kwa dakika moja yanatosha kwa sisi wa pwani. Walioko kwenye miinuko inayozidi mita 2,000 wasubiri dakika tatu. Lakini chumvi haiondoki kwa moto. Mvuke unakwenda, chumvi inabaki, na kila unavyozidi kuchemsha inazidi kukolea. Visima vingi vya karibu na bahari, Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa, vina chumvi kwa sababu watu wanavuta maji baridi ya ardhini kwa kasi na maji ya bahari yanaingia kujaza nafasi. Maji hayo yape kazi za choo, kudeki na kuosha vyombo vya awali, uyaokoe maji baridi kwa kunywa na kupikia. Usimchanganyie mtoto mchanga maziwa ya kopo kwa maji ya chumvi.

Wenzetu wa Arusha na Kilimanjaro wana shida ya floraidi, ile inayotia meno rangi ya kahawia, na moto hauiondoi pia.

Kama tatizo ni kukosa mkaa wa kuchemshia na si ladha, jua lipo. Chupa angavu za plastiki zisizozidi lita 2, zilizoondolewa karatasi, zijazwe maji masafi zilazwe juu ya bati saa sita za jua kali, au siku mbili mfululizo kukiwa na mawingu. Simamisha chupa juu ya gazeti, chungulia kutoka mdomoni. Kama husomi kichwa cha habari, maji yana tope mno, yachuje kwanza.

Mvua imenyesha, pipa ni tupu au maji ni meusi

Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Bati la mita 40 za mraba kwenye mvua ya milimita 10 linakupa lita 400, na ukitoa inayorukia nje na inayokauka bado utapata zaidi ya 300. Ukikuta ndoo mbili tu, panda uangalie gata. Mara nyingi imeinamia upande usio na pipa, au majani ya mwembe yameziba njia na maji yanaruka ukingoni.

Weusi ni vumbi, mavi ya ndege na masizi ya miezi yote ya kiangazi. Mvua ya kwanza ya vuli iache ioshe bati, pipa likiwa limesogezwa pembeni. Baada ya hapo, kila mvua inapoanza subiri dakika kumi hivi ndipo ukinge. Maji ya paa ya kunywa yatibiwe kama mengine.

Maji ya boza yamekuja na rangi

Usipige kelele baada ya kujaza, uliza kabla ya kufungua mfuniko. Yametoka wapi, kisima au bomba? Gari hili jana lilibeba nini? Kinga ndoo moja kwanza, nusa, onja kidogo, tazama kama sabuni inatoa povu. Mwaka ule wa mgao mwenye kirikuu mmoja, kile kigari kidogo cha mizigo, alitumiminia lita 1,000 za maji ya chumvi juu ya maji yetu baridi yaliyobaki, tukapoteza yote kwa pamoja. Sasa ya boza yana chombo chake, hayakutani na ya bomba mpaka yathibitishwe.

Maji yamerudi saa nane usiku

Amka kama unaweza. Bomba lililokaa bila presha siku nyingi hurudi na kutu, mchanga na chochote kilichoingia kwenye nyufa. Funga njia ya tenki, fungua koki ya uani, acha maji ya kwanza yaingie kwenye ndoo ya choo mpaka yatakate na yasiwe na harufu. Ndipo ujaze madumu ya vitambaa vyekundu, moja moja, uyatie dawa, ubandike plasta yenye tarehe kwenye kila moja. Tenki lifuate. Maji ya zamani yaliyobaki kwenye madumu ya mwezi uliopita yakafulie nguo kesho yake. Kabla ya kurudi kulala pita vyumba vyote ujaribu kila koki kwa mkono, kwa sababu mtu aliyeifungua mchana akaikuta kavu mara nyingi huondoka bila kuifunga.